Mashahidi wasio na tiketi

Mzee wa Bwera akikuambia kwamba katika miaka ya 1970 alimwona kwa macho yake mpiga gitaa kutoka Zaire, Kongo ya leo, ambaye baadaye alikuja kuitikisa Nairobi au Dar es Salaam, kuna namna mbili rahisi za kumjibu. Ya kwanza ni kutabasamu kwa heshima, ukaenda zako ukijisemea kwamba wazee hupenda kutia chumvi. Ya pili ni kumdai ushahidi: tiketi iko wapi, picha iko wapi, gazeti gani liliandika? Namna zote mbili ni za uvivu. Kumbukumbu za mashabiki wa muziki katika miji ya magharibi mwa Uganda kama Kasese na Bwera ni ushahidi, tena mara nyingi ndio ushahidi pekee uliobaki, nao unaweza kupimwa kama ushahidi mwingine wowote. Ila anayepima lazima ajue sehemu gani ya kumbukumbu ni mfupa na sehemu gani ni nyama laini.

Tuanze na barabara. Upande wa Kongo, kutoka Beni hadi Kasindi ni takriban kilomita 80. Ukiuvuka mto Lubiriha umeingia Mpondwe, hatua chache tena uko Bwera, kisha njia inateremka hadi Kikorongo na kupinda kuelekea Kasese, mwendo usiofika kilomita 60. Kingo zote mbili za mto zina watu wa lugha moja, ng'ambo wakiitwa Wanande na huku Wakonzo, na Kiswahili kinawaunganisha na wageni wao sokoni. Kwa mwanamuziki wa Zaire aliyetaka kujaribu bahati yake Afrika Mashariki bila nauli ya ndege, malango hayakuwa mengi. Waliotoka kusini, akina Baba Gaston wa Lubumbashi, walishika njia za Tanzania na Zambia. Wengine walipitia Uganda. Orchestra Makassy ilianzia Kampala kabla ya kuhamia Dar es Salaam. Samba Mapangala, mzaliwa wa Matadi karibu na bahari ya Atlantiki, alipitia mashariki mwa Zaire na Uganda, akafika Nairobi mwaka 1977 na kundi la Les Kinois. Bendi aliyoiunda huko baadaye aliiita Virunga, jina la milima ya volkano ya mpakani. Mtu wa Matadi kuipa bendi yake jina la milima ya huku si jambo la kupita hivihivi. Sisemi kwamba wote hao walivuka Mpondwe. Bunagana na Ishasha nako kulikuwa na njia. Ninachosema ni kwamba waliopita Uganda walipita wakiwa bado vijana wasio na jina, na kijana asiye na jina hapigi muziki katika viwanja vya mpira. Hupiga palipo na watu wenye fedha mfukoni usiku huo.

Na fedha ilikuwepo. Shaba ya mgodi wa Kilembe, karibu na Kasese, ilianza kuzalishwa mwaka 1956, mwaka uleule reli ilipofika Kasese kuibeba. Mgodi ulikusanya maelfu ya wafanyakazi kutoka kila upande, wengi wao mbali na kwao, wakilipwa kwa pamoja mwisho wa mwezi. Ukawa pia na umeme wake wa maji kutoka mto Mubuku. Bondeni kulikuwa na pamba ya wakulima wa chama cha ushirika cha Nyakatonzi, mlimani kahawa. Kisha ukaja Agosti 1972, Idi Amin akawafukuza Waasia, maduka yakakauka, na neno magendo likaingia katika kila nyumba ya Uganda. Baridi kali ilipounguza mikahawa ya Brazil mwaka 1975, bei ya kahawa duniani ikapaa. Mkulima aliyekuwa akilipwa kidogo na bodi ya serikali alijua vizuri kwamba ng'ambo ya Lubiriha kuna mnunuzi mwingine. Kwa hiyo katika miaka ambayo uchumi wa Kampala ulikuwa ukididimia, mpakani kulikuwa na mafutamingi wadogo, matajiri wapya wa magendo, wenye noti za nchi mbili na hamu ya kuonekana wakizitumia. Bendi ya safari hufuata mishahara ya watu wengine. Anayeshangaa kwamba wapiga gitaa wangeweza kusimama Kasese au Bwera hajajiuliza wangekula wapi kwingine.

Kwa nini basi hakuna karatasi? Swali hilo linachukulia kwamba muziki wa dansi ulifanyika kama sinema, kwa dirisha la tiketi na viti vyenye namba. Katika baa ya mji mdogo kiingilio hutolewa mkononi mwa mtu wa mlangoni, au hakuna kiingilio kabisa, mwenye baa akijilipa kwa bia. Gazeti kubwa la serikali wakati huo, Voice of Uganda, lilikuwa na hotuba za rais za kujaza kurasa. Na hata yale machache yaliyoweza kuhifadhiwa majumbani, picha na santuri, yalikumbana na mikasa. Novemba 1996 waasi wa ADF walishambulia Mpondwe, na miaka iliyofuata watu wengi wa milimani na mpakani waliishi kambini. Mei 2013 mto Nyamwamba ulifurika na kuikumba Kilembe, nyumba na hospitali. Mei 2020 ukarudia. Mtu anayekimbia risasi habebi santuri, na aliyeokoa watoto kwenye maji hakurudi kuchukua albamu ya picha. Kukosekana kwa karatasi Kasese kunatueleza habari za vita na mafuriko. Hakutuelezi lolote kuhusu kama watu walicheza au hawakucheza.

Hapa msomaji mwenye shaka atasema: sawa, lakini kumbukumbu hudanganya. Ni kweli, na mfano mzuri hauko Uganda. Tarehe 17 Mei 1966 Bob Dylan alipiga katika ukumbi wa Free Trade Hall mjini Manchester, Uingereza. Mashabiki waliompenda kwa gitaa lake kavu walikasirika kumwona na gitaa la umeme na bendi ya rock, na mmoja akapaza sauti kutoka kwenye viti akamwita Yuda. Onyesho hilo lilikuwa na kila kitu tunachowadai wazee wa Bwera: tiketi, magazeti, hata kanda iliyorekodiwa. Lakini santuri za magendo zilizotolewa kutokana na kanda hiyo, maana hata Uingereza magendo yapo, zilizagaa kwa miaka mingi zikiwa na jina la ukumbi wa Royal Albert Hall wa London. Kampuni ya santuri ya Dylan ilipoitoa kanda hiyo rasmi mwaka 1998 ililiacha jina hilo la London juu ya jalada ndani ya alama za kunukuu, kana kwamba kosa limeshakuwa sehemu ya mali. Waliokuwa wameketi Manchester hawakuhitaji jalada kuwaambia walikuwa mji gani. Iliyokosea ni karatasi. Lakini angalia upande wa pili: miaka mingi baadaye wanaume wawili tofauti walijitokeza, kila mmoja akisema sauti ile ya "Yuda" ilikuwa yake. Na katika jengo hilohilo, Juni 1976, kundi la Sex Pistols lilipiga mbele ya watu wanaokadiriwa kuwa 40 tu, lakini wanaodai walikuwepo hawahesabiki.

Hayo yanatufundisha kupima. Kumbukumbu ya shabiki hulegea pale inapompa msimulizi sifa: nilikuwepo, nilikuwa mbele, mimi ndiye niliyepaza sauti, yule niliyemwona alikuwa nguli mwenyewe. Hukaza pale isipompa kitu: mvua ilinyesha, tulitembea hadi fulani, taa zilizimika mara mbili, mpiga besi alikuwa amekaa. Hakuna anayejijengea heshima kijijini kwa kukumbuka kwamba mpiga besi alikuwa amekaa.

Pingamizi kali zaidi ni la majina, na hapa nakubali kushindwa nusu. Mtu akisema alimwona Franco Luambo, nguli wa Kinshasa, katika baa ya mpakani, jibu la busara ni hapana. Kundi lake la T.P.O.K. Jazz lilikuwa kikosi kizima, na msafara kama ule haukuvuka nchi ili kuja kupiga kwa fedha za mlangoni. Yaelekea aliona bendi ya kuiga, vijana wa Beni au Butembo waliozikariri nyimbo za Kinshasa kutoka redioni, sebene kwa sebene. Je, ushuhuda wote utupwe? Nadhani la. Ondoa jina, na usiku ule bado umesimama: watu walikusanyika, gitaa la solo lilipigwa, miguu ikachoka. Tena kwa anayetaka kuandika historia ya muziki wa Kasese, bendi isiyojulikana iliyopiga vizuri kiasi cha watu kuamini wamemwona Franco ni habari kubwa kuliko Franco kufika. Franco ameandikiwa vitabu. Wale vijana hawana hata mstari mmoja.

Suala la majina lina kinyume chake pia, ambacho wenye shaka hawakitazami. Mwanamuziki Remmy Ongala alizaliwa Kindu, Kongo, mwaka 1947, akapitia bendi kadhaa, akajiunga na Makassy jijini Dar es Salaam mwaka 1978. Ulimwengu ulikuja kumjua mwishoni mwa miaka ya 1980, alipozunguka na tamasha la WOMAD na kurekodi Uingereza albamu iliyotoka 1989. Yeyote aliyemwona kabla ya Dar es Salaam, popote pale, alimwona kijana mwenye gitaa miongoni mwa vijana wengine wenye magitaa. Hakuwa na sababu ya kulikariri jina lake. Kwa hiyo shahidi wa kweli wa nguli kabla ya unguli wake ndiye hasa ambaye jina halimo kinywani mwake, na anayelitaja jina haraka, bila kuulizwa, ndiye wa kusikilizwa kwa tahadhari zaidi. Wenye shaka hukataa ushuhuda usio na jina. Mimi ningeanzia hapo.

Lipo na lalamiko la kimaadili: kwamba wazee wanaousifu muziki wa miaka ile wanaipaka rangi enzi ya mauaji. Watu walipotea chini ya Amin, na haifai kusikia kwamba zilikuwa siku tamu. Lakini kusema usiku ulikuwa mtamu si kuisifu serikali iliyoutawala mchana. Sikiliza vizuri simulizi ya kucheza hadi alfajiri, iwe ya Kasese au ya mji mwingine wowote wa Uganda wa wakati huo. Tunaisikia kama simulizi ya furaha isiyokwisha, na yawezekana ni simulizi ya barabara: nani angethubutu kurudi nyumbani saa nane usiku akakutane na kizuizi cha askari? Kukesha ukumbini kulikuwa starehe na kulikuwa pia kinga. Anayekumbuka utamu huo hajaisahau hofu. Ameihifadhi ndani ya neno "alfajiri", na kazi ya msikilizaji ni kulifungua.

Basi ushuhuda upimwe kwa vitu, kwa sababu vitu vina tarehe. Umeme, kwa mfano. Magitaa ya dansi yanataka moto, na Kilembe walikuwa nao kutoka Mubuku. Anayesimulia onyesho mahali pengine aulizwe jenereta ilikuwa ya nani na nani alileta mafuta. Kinywaji nacho kinasema: kama meza zilijaa Primus, bia ya Kongo, huku bia ya Jinja haionekani, tunaanza kuukisia mwaka na upande ambao mwenye baa alikuwa akinunua. Usafiri pia, kwani kusema "tulipanda treni kwenda kuwaona" ni kusema reli ilikuwa bado inabeba abiria, na huduma hiyo ilikufa katika miaka ya 1990.

Kipimo bora kuliko vyote ni kiingilio, kwa kuwa watu husahau sura lakini hawasahau fedha iliyowatoka. Mei 1987 Uganda ilikata sifuri mbili kwenye shilingi yake, kwa hiyo anayesema alilipa mamia na anayesema alilipa shilingi chache wanaweza kuwa wanasema kweli wote wawili, kila mmoja upande wake wa mwaka huo. Ng'ambo, fedha ya zaire ilianza 1967 na ikabadilishwa kwa zaire mpya mwaka 1993. Mzee wa Bwera akikwambia kwamba mtu wa mlangoni alikataa shilingi usiku ule, akataka zaire, na kwamba yeye alilazimika kutoka nje kutafuta mvunja fedha huku wimbo wa kwanza ukianza bila yeye, usimsumbue kwa jina la mwimbaji. Muulize alivunja kwa kiasi gani.