Wachukuzi wa Vijidudu vya Koo

Mtaniwia radhi nikianza na habari za jamaa zangu kabla ya habari za vijidudu, maana niliyojifunza juu ya jambo hili nilijifunza nyumbani.

Kwetu Kaagya, upande wa magharibi ya Ziwa Viktoria, yuko mpwa wangu, binti wa dada yangu, ambaye sasa ana umri wa miaka 13. Alipokuwa na miaka 9 aliumwa na koo siku tatu nne, akapona pasipo dawa, wala hapakuwa na mtu aliyelikumbuka jambo hilo. Yapata majuma matatu baadaye goti lake likavimba na kuwa la moto. Siku ya pili yake goti lilipoa, kikavimba kifundo cha mguu, kisha kiwiko. Wazee wakasema ni maumivu ya kukua. Mwisho akawa hawezi kupandisha kilima na ndoo ya maji ila atue mara mbili akihema. Ndipo alipopelekwa hospitali, na daktari akasikia katika moyo wake sauti isiyo ya kawaida.

Ugonjwa huo huitwa homa ya baridi yabisi. Msidhani kuwa ni ile baridi yabisi ya wazee waumwao na magoti wakati wa mvua. Hii huwapata zaidi watoto wa miaka 5 hadi 15, na asili yake ni koo. Vijidudu viletavyo koo hilo huitwa streptokoki, na ukivitazama kwa darubini ya kuonea vitu vidogo utaviona vimefuatana kama shanga katika uzi. Mwili hupigana navyo. Lakini kwa kuwa sehemu za vijidudu hivyo hufanana na sehemu za moyo na za viungo vyetu, askari wa mwili, katika watoto wachache, hukosea adui wakampiga mwenye nyumba. Viungo hupona kabisa. Moyo sivyo: ile milango midogo iliyo ndani yake, ambayo kazi yake ni kuzuia damu isirudi nyuma, huweza kubaki na makovu. Tena mtoto aliyekwisha kupatwa mara moja ni mwepesi wa kupatwa tena, na kila mara kovu jipya huongezeka juu ya la zamani. Huyo ndiye mtoto wa kulindwa, ingawa ukimwona akiruka kamba huwezi kumdhania.

Mpwa wangu akaanzishiwa sindano za penisilini, kila baada ya majuma 4. Mwaka uliofuata koo likamwuma tena, na daktari akataka watu wote wa nyumba wapimwe. Tulipanguswa koo kwa kijiti chenye pamba, mmoja mmoja. Mama yangu hakuonekana na kitu, wala dada, wala mimi niliyekuwa likizoni kutoka chuoni. Aliyeonekana na streptokoki ni ndugu yake mdogo wa miaka 7, mtoto mzima wa afya, ambaye siku zile hata kukohoa hakukohoa.

Mtu wa namna hii ndiye mchukuzi wa vijidudu. Anavyo kooni, navyo havimdhuru, wala yeye hajui kama anavyo. Yaweza kuwa majuma, yaweza kuwa miezi. Wala si kioja: watoto wasioumwa na kitu wakipimwa, yapata 12 katika kila 100 huonekana navyo. Mimi ni mwalimu, nikafanya hesabu: darasa la watoto 50 lina wachukuzi sita hivi, wameketi kimya wakiandika.

Sasa nitawaambia tuliyoyafanya, nami ni mmoja wao na sikusema neno la kupinga. Kijana alipewa sahani yake na kikombe chake. Kitanda chake kilihamishiwa jikoni, nyumba ya nje. Alikatazwa kula ndizi pamoja na dada yake, na watoto wa jirani, waliosikia, wakampa jina baya nisilopenda kulitaja. Macho ya nyumba nzima yalikuwa juu yake. Huko nyuma ukafika wakati wa kuvuna kahawa, kila mtu ana kazi, na zahanati ni mwendo wa saa mbili kwa miguu. Sindano ya kwanza ikapita. Ya pili nayo ikapita.

Homa ikarudi. Binti alilala kitandani majuma sita, na alipoamka mlango mmoja wa moyo ulikuwa ukivuja kuliko kwanza. Daktari hakuuliza habari za sahani. Aliomba kadi ya sindano, akaweka kidole chake juu ya nafasi mbili zilizokuwa tupu, akanyamaza. Kijana alikuwa amekwisha lala jikoni miezi miwili. Vijidudu vilitoka kwingine, yamkini shuleni.

Tangu siku ile nikatafuta kusoma. Mchukuzi ni wa kuogopwa kidogo sana akilinganishwa na mgonjwa mwenyewe. Vijidudu vyake huwa vichache, naye hakohoi wala hapigi chafya kwa ajili yavyo. Aenezaye ni yule ambaye koo limemshika leo au jana, na ambaye hajapata dawa. Akipata penisilini, baada ya siku moja hatari yake kwa wenziwe imepungua sana. Jambo la karibu na hili lilichunguzwa Marekani, katika kambi ya askari ya Fort Warren, jimbo la Wyoming, kuanzia miaka ya mwisho ya 1940, na Dr. Charles Rammelkamp na wenzake. Waliona kwamba askari waliotibiwa koo kwa penisilini waliepukana na homa ya baridi yabisi, hata dawa ilipochelewa mpaka siku ya 9. Wakachunguza tena mablanketi yaliyotumiwa na wagonjwa: waliopewa mablanketi yale hawakuugua kuliko wengine. Lililowaponza askari ni kulala kitanda karibu na kitanda cha mwenye vijidudu. Sisemi vyombo visioshwe. Nasema sisi tulikimbiza sahani, na hewa itokayo kinywani mwa mgonjwa hatukuifikiri.

Mchukuzi mwenyewe naye hana hofu kubwa ya kupatwa na homa hiyo. Kwa hiyo kwa desturi madaktari hawampi dawa, tena penisilini mara nyingi hushindwa kuviondoa vijidudu vilivyokwisha kukaa kimya hivyo. Ziko nyumba ambazo si za desturi: nyumba yenye mtoto aliyepata homa ya baridi yabisi, au ambamo koo linazunguka kutoka kwa huyu kwenda kwa huyu lisikome. Ya kwetu ilikuwa mojawapo, na daktari alifanya vema kumpa kijana dawa. Kumlaza jikoni hakuagiza mtu.

Wengi huniuliza, koo hilo litajulikanaje? Makoo mengi ni ya mafua, nayo hayahitaji penisilini; hapo pana pua itiririkayo, kikohozi, na sauti iliyokauka. Koo la streptokoki huja ghafula, pamoja na homa na uchungu wa kumeza. Tezi za shingo huvimba na kuuma, mafindofindo huwa mekundu, pengine yana usaha mweupe, na kikohozi hakuna. Hata hivyo dalili hudanganya, basi katika nyumba yenye mtoto wa kulindwa kila koo liumalo lionwe na mganga siku ile ile, liwe la mtoto huyo au la mtu mwingine. Na wale wanaopeleka watoto kukatwa kimeo, nawasihi waache: kimeo hakina hatia, na kisu kile kimeua watoto kwa kutoka damu.

Lakini ngome yenyewe ni sindano. Jirani zetu wa Uganda wametuonyesha nguvu yake. Huko kaskazini ya nchi yao, watoto 818 wenye miaka 5 hadi 17, ambao mioyo yao ilikuwa na alama za mwanzo za ugonjwa huu nao hawajijui, waligawanywa mafungu mawili. Fungu moja walichomwa penisilini kila majuma 4 kwa miaka 2, na fungu la pili hawakuchomwa. Habari zake zilitangazwa mwaka 2021. Ugonjwa uliendelea kwa watoto 3 tu wa fungu la kwanza, na kwa watoto 33 wa fungu la pili. Mafungu yalikuwa karibu sawa kwa hesabu.

Sindano hiyo inauma, nisiwafiche. Mpwa wangu alijificha migombani mara moja, tukamtafuta mpaka jua kuchwa. Tena si ya mwaka mmoja; ni ya miaka mingi, na kwa wengine ambao moyo umeharibika sana ni ya maisha, kwa kadiri daktari atakavyoona. Kabla ya kuchomwa mara ya kwanza, mganga aambiwe ikiwa mtoto amewahi kudhuriwa na penisilini.

Nyumbani, kijana amerudi ndani. Vitanda vimetengwa mbalimbali, na dirisha tulilolifunga kwa ajili ya mvua sasa hufunguliwa kila asubuhi. Mama yangu hajui kusoma, lakini tarehe za sindano huziwekea alama ya mkaa katika kalenda iliyo ukutani, na wakati wa kahawa yeye ndiye atukumbushaye.

Mwakani binti anatazamiwa kwenda shule ya bweni. Nimekwisha kumwandikia mwalimu mkuu juu ya kadi yake, juu ya zahanati iliyo karibu, na juu ya nafasi kati ya vitanda vya bwenini. Bado nangoja jibu.