Monita Inayojizima: Kabla ya Kununua Nyengine, Itazame Taa Yake

Mdogo wangu ana kiduka cha kuchapa barua na kutoa fotokopi hapa Mji wa Kale, Mombasa. Kompyuta ni moja tu, na ndiyo inayolipa kodi ya duka na karo ya watoto. Wiki mbili nyuma alinipigia simu baada ya Alasiri, sauti imemkauka. "Kaka, monita yajizima kila baada ya dakika tano. Fundi amekuja, asema imekufa, ninunue nyengine. Ataka elfu saba."

Nikamuuliza fundi alifanya nini. Akanambia aliiwasha, akaingoja izime, akataja bei. Hakuchomoa hata waya mmoja.

Mimi si fundi wa umeme. Diploma yangu ni ya zamani kidogo, wakati huo monita zilikuwa na mgongo kama televisheni. Lakini hili nalijua: kioo kikiwa cheusi, huenda monita yenyewe haina kosa lolote. Yaweza kuwa ni kompyuta, au waya ulio kati yao, au mpangilio tu. Zote zina sura moja mbele ya mwenye duka, na bei zake ziko mbali sana. Kwa hivyo kabla hujatoa pesa, itazame ile taa ndogo ya monita pale inapozima.

Taa ikigeuka rangi ya chungwa, au ikawa yapepesa, monita iko hai. Imelala kwa sababu haipati picha. Gusa mausi kwanza. Picha ikirudi, huo ni mpangilio wa kompyuta wa kuokoa stima, ambao huzima kioo usipoigusa kwa dakika kadhaa. Waingia kwenye mipangilio na kuongeza muda. Isiporudi, bonyeza kitufe cha Num Lock kwenye kibodi. Taa yake ikiwaka na kuzima unavyobonyeza, kompyuta nayo yafanya kazi, basi shuku waya wa picha. Isipojibu, kompyuta ndiyo iliyoganda, na mara nyingi ni joto: fungua ubavu wa lile sanduku uone vumbi lililoshika kwenye feni.

Huo waya wa picha kwetu pwani una mambo yake. Upepo wa bahari huleta chumvi mpaka ndani ya nyumba, na pini za shaba hufanya ukungu wa kijani. Zima kila kitu, chomoa, sugua taratibu kwa brashi ya meno kuukuu na spiriti, acha ikauke, kisha rudisha na ukaze zile skrubu mbili. (Kwenye waya wa VGA ukikuta tundu moja halina pini, usishtuke, nyingi huundwa hivyo.)

Taa ikibaki kama kawaida lakini kioo ni cheusi, chukua tochi uimulike kwa ubavu. Ukiona maandishi kwa mbali, picha ipo, kilichokufa ni mwanga wa nyuma. Hapo ni kazi ya fundi, na kwa monita kuukuu huenda gharama isilipe.

Ya mdogo wangu haikuwa hata moja kati ya hizo. Nilipofika dukani nilikuta taa yazima kabisa, yeye akiwa katikati ya kuchapa. Nikiri kwamba mimi mwenyewe nilikuwa nishaamua njiani kuwa ni chumvi, hata spiriti nilikuwa nayo mfukoni. Nikasafisha, tukangoja. Dakika tano, giza.

Ndipo tukafanya jaribio ambalo yule fundi angelifanya kwa dakika chache. Tukachomoa waya wa picha kabisa, tukabakisha wa stima tu. Monita nzima katika hali hiyo huonyesha maneno kuwa haioni kompyuta, kisha hulala, na taa yake hubaki ikiwaka ama ikipepesa. Hii tuliiwasha mara kwa mara, na kila mara taa ilikufa moja kwa moja. Basi kompyuta haikuwa na hatia. Tukabadilisha waya wa stima, tukautumia ule wa mashine ya fotokopi, maana ni wa aina moja. Ikazima. Tukaihamisha kutoka kwenye ekstensheni, ambayo ilikuwa pia na friji ya soda, tukaichomeka ukutani peke yake. Ikazima. Basi kosa lilikuwa ndani ya monita, upande wa stima.

Hapo nikaacha. Ndani ya monita kama hii, isiyokuwa na adapta ya nje, stima ya 240 ya ukutani hugeuzwa na kuhifadhiwa kwenye kapasita kubwa yenye volti zaidi ya 300, na yaweza kubaki na chaji hata baada ya kuchomoa plagi. Usifungue kwa bisibisi ya jikoni. Nimeona kijana akirushwa na monita ambayo haikuwa hata imechomekwa.

Tukaipeleka kwa mzee mmoja anayetengeneza redio. Aliifungua mbele yetu, akamwita mdogo wangu: "Mwanangu, njoo utazame." Kapasita mbili ndogo zilikuwa zimefura juu kama maandazi, wakati ndugu zake zilikuwa bapa. Kapasita ndiyo hutuliza stima iende sawa. Joto huimaliza polepole. Monita ikiwa baridi huvumilia, ikipata moto hushindwa, na mtambo hujizima. Ndiyo maana ya zile dakika tano. Na pale dukani monita ilikuwa dirishani, jua la mchana laipiga mgongoni, na matundu yake ya hewa yamefunikwa na kitambaa cha kufumwa, zawadi ya mama.

Mzee akatia mpya za kiwango kile kile, zile zilizoandikwa nyuzi 105 na si 85, kwa sababu hustahimili joto zaidi. Akamtoza shilingi 600 pamoja na kazi yake.

Siku tatu hizo wanafunzi walipeleka kazi zao duka jengine, na wengine hawajarudi mpaka leo. Monita yenyewe yawaka tangu asubuhi hadi Isha. Imehamishiwa ukuta wa ndani, friji ina soketi yake, na kitambaa cha mama kimewekwa juu ya kaunta, ili akija asiulize.