Lulu ya kweli au shanga tupu? Mambo ya kuangalia kabla ya kutoa dola zako

Siku ya ndoa, mkufu mweupe shingoni mwa bibi arusi unapendeza kwenye picha, uwe wa lulu au wa plastiki. Tofauti inajitokeza baadaye. Rangi ya plastiki inaanza kubanduka, na familia iliyojinyima ili kumpatia binti yao kitu cha kudumu inagundua kwamba ilinunua shanga.

Katika miji ya mashariki mwa Congo kama Goma, Bukavu na Butembo, mapambo mengi yanaletwa na wafanyabiashara wanaosafiri hadi Dubai na Guangzhou. Katika mzigo mmoja lulu za kweli zinaweza kuchanganyika na za kuigiza, na si kila muuzaji anajua kuzitofautisha.

Lugha nayo inachangia. Kwa Kifaransa, neno « perle » linamaanisha lulu na pia shanga. Muuzaji anayesema « ni perle » anaweza kuwa hajadanganya, hata kama anauza kioo. Kwa hiyo mnunuzi aulize zaidi. « Perle fine » ni lulu iliyojifanya yenyewe bila mkono wa mtu. « Perle de culture » ni lulu ya kufugwa. « Perle d'imitation » ni ya kuigiza.

Ya kufugwa si bandia

Lulu inatengenezwa na chaza wa baharini au kome wa mito na maziwa. Kitu kigeni kikiingia mwilini mwake, mnyama huyo anakifunika kwa tabaka nyembamba zinazong'aa, moja juu ya nyingine.

Zamani wazamiaji wa Ghuba, hasa Bahrain, walihatarisha maisha yao kuzitafuta chini ya bahari. Historia hiyo imeandikwa na UNESCO kati ya urithi wa dunia tangu mwaka 2012. Mwaka 1893, Mjapani Kokichi Mikimoto alifaulu kumfanya chaza atengeneze nusu-lulu, na baadaye lulu za mviringo zikafuata. Leo karibu lulu zote zinazouzwa duniani ni za kufugwa. Hata kisiwani Unguja, huko Zanzibar, akina mama wa rasi ya Fumba wamefuga chaza na kuvuna nusu-lulu.

Nyingi za bei nafuu ni za maji baridi na zinatoka China, ambako kome mmoja anaweza kutoa lulu nyingi kwa mara moja. Akoya za Japani zinajulikana kwa mng'ao mkali. Zile za Tahiti zina rangi ya giza, na zile kubwa za Australia, Indonesia na Ufilipino ni kati ya zenye bei ya juu.

Majaribio ya kufanya dukani

Chukua lulu na uisugue polepole kwenye ncha ya jino la mbele. Ya kweli inakwaruza kidogo kama mchanga laini, lakini kioo na plastiki vinateleza. Ya kweli pia ni baridi inapogusa ngozi mara ya kwanza, kisha inapata joto. Plastiki ni nyepesi na haina ubaridi huo.

Tazama tundu la uzi. Kwenye lulu ya kuigiza, rangi mara nyingi imebanduka hapo. Kisha linganisha punje zote: zikifanana kabisa bila kasoro hata moja, na bei ikiwa ndogo, kuna jambo. Usikubali kuchoma lulu kwa kiberiti wala kuikwaruza kwa kisu, kwani hata ya kweli itaharibika.

Majaribio haya yanatenga ya kweli na ya kuigiza tu. Kujua kama lulu ilifugwa au la kunahitaji eksirei ya maabara. Anayedai kuuza « perle fine » aonyeshe cheti.

Kuchagua na kutunza

Peleka mkufu mlangoni, kwenye mwanga wa mchana, na uulaze juu ya kitambaa cheupe. Angalia mng'ao kwanza: lulu nzuri inaonyesha sura yako kama kioo kidogo, lakini mbaya imefifia kama chaki. Kisha angalia ngozi yake, umbo, na mwisho ukubwa. Mwenye pesa kidogo anaweza kuchukua zisizo za mviringo kamili, kwani zina bei ndogo na zinapendeza. Fundo kati ya punje moja na nyingine ni dalili nzuri: uzi ukikatika, hazitawanyiki zote.

Lulu ni laini, na siki, ndimu, marashi na jasho vinaila. Ivae ya mwisho baada ya kujipaka mafuta, ivue ya kwanza, na uipanguse kwa kitambaa laini. Usiihifadhi pamoja na dhahabu, itakwaruzwa.

Katika Injili ya Matayo, mfanyabiashara aliuza vyote alivyokuwa navyo ili anunue lulu moja. Lakini mtu huyo kazi yake ilikuwa kutafuta lulu, na alijua alichokiona. Kwa asiyezijua, njia salama ni kudai risiti iliyoandikwa wazi « perle de culture ». Muuzaji akikataa kuandika maneno hayo, heri kuurudisha mkufu mezani.