NGOZI HAITAKI VINGI

Mwezi huu twataka kusema nanyi habari za ngozi ya mwili, na vitu tunavyoipaka. Pengine mtu atasema, "Hilo ni jambo dogo, la kioo na la wasichana." Walakini si dogo. Twalileta kwenu kwa sababu ya mambo tuliyoyaona katika nyumba moja hapa Ruanda, wilaya ya Mbozi, Mkoa wa Songwe.

Katika nyumba hiyo yumo mama mmoja, naye alikuwa na mimba ya miezi mitano. Kahawa ilikuwa imekwisha uzwa, na fedha zilikuwa zimepatikana. Lakini siku ya kununua madaftari ya watoto zilionekana kuwa pungufu. Mumewe hakugomba. Aliuliza tu, "Mama watoto, fedha zimekwenda wapi?" Yule mama akaingia chumbani, akatoka na kikapu, akakiweka mbele yetu, maana sisi tulikuwa tumekwenda kuwaamkia.

Tukahesabu vyombo saba: sabuni ya kung'arisha, krimu ya asubuhi, krimu ya usiku, losheni ya mwili, mafuta ya kuondoa madoa, kichupa kisicho na jina, na kopo la mkorogo, ambao mwuzaji mmoja wa Tunduma aliuchanganya mwenyewe kwa kijiko. Uso wa mama ulikuwa umechujuka, mashavu yana wekundu, lakini viungo vya vidole vyake vilibaki vyeusi kama zamani. Akasema, "Jua likiniwakia, uso waniwasha kama uliopakwa pilipili. Nikiacha kupaka siku mbili, vipele vyatoka. Ndipo hununua dawa nyingine ya kuondoa vipele."

Basi, wasomaji, yatazameni vizuri maneno hayo. Kopo la kwanza lilileta ugonjwa, la pili likanunuliwa ili kuuponya, la tatu likanunuliwa kwa sababu ya la pili. Hivyo ndivyo kikapu kilivyojaa.

Tunduma ni mji wa mpaka. Ukivuka tu, umefika Nakonde katika nchi ya Zambia. Barabara kuu na reli ya TAZARA hupita hapo, na bidhaa za nchi nyingi hukutana. Vyema hupita, na vibaya hupita navyo. Wazee walisema, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mkorogo hujitembeza sana: huletwa mpaka mlangoni, husifiwa kwa maneno matamu, wala aliyeuchanganya hasemi alitia nini.

Tena jambo hili si geni katika nchi yetu. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, ukakataza sketi fupi, nywele za bandia, na krimu za kujichubua. Amri ilitoka, lakini tamaa haikuondoka. Katika Afrika ya Kusini, madaktari walieleza mwaka 1975 habari za watu waliopaka krimu za kuwa weupe kwa muda mrefu, na nyuso zao zikageuka kuwa nyeusi zenye rangi ya samawati, ngozi ikawa ngumu yenye vijipele. Walitafuta weupe, wakapata giza lisilotoka kwa kuoga. Mwaka 1990 serikali ya nchi ile ilizikataza krimu hizo kabisa.

Je, ndani ya mkorogo mna nini? Aghalabu mna mojawapo ya vitu vitatu, au vyote pamoja.

Cha kwanza ni zebaki. Hii huzuia ngozi isifanye rangi yake, lakini haikai juu tu. Huingia mwilini, ikaharibu figo na mishipa ya fahamu. Mama mwenye mimba humpitishia mtoto aliye tumboni, na watoto waliokwisha zaliwa huipata kwa kushikwa na kulala katika shuka moja na aliyejipaka. Kwa ajili ya madhara yake mataifa yalifanya mapatano mwaka 2013, yakaitwa kwa jina la Minamata, mji wa Japani ambao watu wake wengi waliumia kwa kula samaki wenye zebaki.

Cha pili ni haidrokwinoni. Hii ndiyo iliyowageuza nyuso watu wale wa Afrika ya Kusini.

Cha tatu ni dawa ziitwazo steroidi. Hizi ni dawa za kweli, na daktari humpa mwenye ugonjwa wa ngozi kwa kipimo na kwa siku zilizohesabiwa. Lakini mtu akijipaka miezi na miaka, ngozi huwa nyembamba kama karatasi, michirizi hutokea, na kidonda hakiponi upesi. Mwenye choa akizipaka, huona muwasho umetulia, akadhani amepona, kumbe ugonjwa unaenea chini kwa chini. Tena mjamzito akipaka kali kwa wingi, huweza kupunguza uzito wa mtoto wake.

Sasa tuseme habari ya ngozi yenyewe. Chembe zinazotengeneza rangi ni karibu sawa kwa hesabu katika watu wote, weusi na weupe. Zinazotofautiana ni kazi yao na wingi wa rangi wanayotoa. Rangi hiyo ni mwavuli wetu juu ya jua kali. Mwenye kujichubua ni kama mtu atoboaye mwavuli wake, halafu akalalamika kwamba analowa. Tena ngozi hujitengeneza yenyewe. Tabaka yake ya juu huchakaa na kutoka, na mpya hupanda kutoka chini, kwa muda wa mwezi mmoja hivi. Haina haja ya kusuguliwa kama sufuria.

Kwa hiyo kwa mtu mwenye afya vitu vitatu vyatosha: sabuni, mafuta, na kivuli.

Sabuni iwe ya kawaida, isiyo kali. Uso uoshwe asubuhi na jioni kwa maji ya kawaida au ya uvuguvugu, kwa maana maji ya moto sana huondoa mafuta ya asili. Mafuta yawe ya aina moja, ya mgando au ya nazi, nayo yapakwe mara baada ya kuoga, kabla ngozi haijakauka kabisa. Mafuta ya mgando ni kama kifuniko cha chungu: huyazuia maji ya ngozi yasitoke. Jambo hili lafaa hasa hapa kwetu wakati wa kipupwe, mwezi wa Juni hata Agosti, baridi na upepo mkavu vinapopasua midomo na visigino. Na kivuli ni kofia, kanga au mwavuli mtu alimapo shambani. Mtoto mchanga hahitaji krimu ya mtu mzima hata kidogo.

Lakini ndugu zetu wenye ualbino tusiwape shauri la kupunguza mafuta ya kuzuia jua. Kwao mafuta hayo, pamoja na kofia pana na mikono mirefu, ni kinga ya saratani, wala si pambo. Katika hospitali ya KCMC huko Moshi yametengenezwa mafuta ya namna hiyo kwa ajili yao.

Twawaonya pia wanaotaka kuacha. Aliyepaka steroidi muda mrefu, akiacha ghafula, uso huweza kuvimba na kuwaka, naye hurudia kopo kwa kuogopa. Basi aende hospitali au zahanati, achukue makopo yake yote, aseme kweli bila haya. Mwuguzi hawezi kusaidia jambo asiloambiwa. Na wanunuzi wajue kwamba tangu mwaka 2019 kazi ya kukagua vipodozi imekabidhiwa Shirika la Viwango, TBS; kopo lisilo na jina la kiwanda wala orodha ya vilivyomo lisiingie nyumbani.

Yule mama wa Ruanda alikwenda kliniki, na kikapu chake mkononi. Mkojo wake ulipimwa, akaambiwa arudi tena, maana figo zataka kuangaliwa. Miezi ya kwanza ilikuwa migumu. Uso ulitoka vipele, na alijifunika kanga alipokwenda kisimani. Mumewe akamwambia, "Mimi nilikuoa kwa uso ule wa kwanza. Nitaungoja." Madaftari ya watoto yamenunuliwa. Mtoto hajazaliwa bado tunapoandika haya, nasi twamngoja pamoja nao, kwa matumaini na kwa hofu kidogo.

Wazee walisema, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Basi, akina mama, na akina baba pia, kwa maana wako wanaume wanaojipaka kwa siri: jioni ya leo toeni vikapu vyenu, mhesabu vilivyomo, mkaulizane kila kimoja kilikuja kuponya nini.