Mwendo wa seli za kinga katika utando wa utumbo

Mwendo wa seli za kinga katika utando wa utumbo ni safari ya chembe nyeupe za damu kutoka ukuta wa utumbo hadi kwenye damu, kisha kurudi tena utumboni. Uso wa utando huo ni safu moja tu ya seli, nao hupaswa kupitisha chakula huku ukizuia vijidudu.

Safari huanza pale seli zenye matawi, ziitwazo seli za dendriti, zinapookota vipande vya kijidudu. Nyingi hufanya hivyo katika mabaka ya Peyer, yaliyopewa jina la Mswisi Johann Conrad Peyer aliyeyaeleza mwaka 1677. Nyingine huvibeba hadi kwenye tezi za limfu za tumboni, ambazo ni ndugu wa zile zikivimba kinenani tunasema mtoki. Huko limfositi hujifunza kumtambua adui, huongezeka, halafu hupitia mfereji wa limfu wa kifuani na kuingia katika damu.

Lakini damu huzunguka mwili mzima. Limfositi iliyofunzwa tumboni inajuaje kwamba irudi tumboni, isiende kwenye ngozi? Jibu kwa sehemu kubwa ni vitamini A. Seli za dendriti za utumbo huigeuza kuwa asidi ya retinoiki, nayo huifanya limfositi ioteshe juu yake molekuli iitwayo α4β7. Mishipa midogo ya utumbo ina molekuli ya kuipokea, MAdCAM-1. Zikikutana, limfositi hupunguza mwendo, hunata, kisha hujipenyeza nje ya mshipa. Limfositi B zilizokomaa hutoa hapo kingamwili za IgA, zinazovushwa hadi ndani ya utumbo.

Mwanafunzi wa Turiani, chini ya milima ya Nguru wilayani Mvomero, anaweza kuyaona matumizi ya elimu hii kliniki ya watoto. Chanjo ya rota, iliyoanza kutolewa nchini Tanzania mwaka 2013, ni matone ya mdomoni. Sindano huwaliza watoto, lakini sababu si hiyo: virusi vilivyodhoofishwa huzifunza seli palepale utumboni, mahali ugonjwa wa kuhara unapoingilia. Watoto wa miezi 6 hadi 59 hupewa pia matone ya vitamini A kila baada ya miezi sita, maana wenye upungufu wake huumia zaidi wakiharisha. Mchicha, maembe na mapapai hutoa karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini hiyo.

Virusi vya UKIMWI navyo huharibu seli nyingi za CD4 za utando huu katika wiki za mwanzo tu.