Mashine kuukuu ya studio: Jua ugonjwa wake kabla ya kutoa fedha

Na Mwandishi Wetu, Muhuta

Rekoda ya riili niliyovuka nayo kutoka Kigoma ilifanya kazi dakika ishirini tu. Ilikuwa Revox B77, mashine ya Uswisi iliyoingia sokoni mwaka 1977. Kwaya moja ya Gitaza, hapa Muhuta, ndiyo iliyoniagiza. Kabatini mwao kuna kanda zilizorekodiwa zaidi ya miaka thelathini iliyopita, na baadhi ya waimbaji wa siku hizo wameshatangulia mbele ya haki. Walitaka sauti hizo zihamishiwe kwenye kompyuta kabla kanda hazijaharibika.

Tulipoiwasha, riili zilizunguka vizuri. Kisha tukasikia mlio mdogo, "pwa!", na moshi mweupe ukajaa chumba pamoja na harufu kali iliyotukohoza wote. Jioni hiyo hiyo akatokea mnunuzi wa vyuma chakavu, nami nilibakiza kidogo nikubali bei yake.

Badala yake tuliipeleka kwa fundi redio aliye kando ya barabara kuu ya Bujumbura na Rumonge. Hakuniuliza niliinunua kwa shilingi ngapi. Aliuliza mambo mawili: moshi ulipotoka, mashine iliendelea kuzunguka? Na fyuzi imekatika? Nikamjibu kwamba iliendelea, na fyuzi ni nzima. Akasema mashine haijafa.

Alikuwa sahihi. Kilichoungua kilikuwa kapasita ndogo ya kuzuia kelele za umeme, aina ya karatasi iliyofunikwa plastiki ngumu. Zile kuukuu za chapa ya Rifa zinajulikana na mafundi kote duniani kwa ugonjwa huu. Plastiki hupasuka nyufa nyembamba kwa uzee, unyevu huingia, na siku umeme unapopita, kapasita hupasuka na kutoa moshi. Sisi tunaoishi kando ya ziwa tunaujua unyevu. Fundi aliweka mpya yenye ukubwa uleule na alama ya X2, maana kapasita ya kawaida haifai mahali panapoingia umeme wa ukutani. Gharama yake haikufika nauli yangu ya kurudi Bujumbura.

Nilikuwa karibu kuuza mtaji wangu kwa bei ya chuma kwa sababu ya kifaa kisichozidi ukubwa wa njugu. Mfanyabiashara anayenunua mixa, amplifaya na rekoda za zamani Kigoma, Uvira, Dar es Salaam au Dubai anahitaji kujua ni ugonjwa gani wa bei ndogo na upi wa kumfilisi.

Anza na umeme

Geuza mashine nyuma usome volti zake. Burundi, Tanzania, Kongo na Dubai hutumia volti 220 hadi 240. Mashine iliyotengenezwa kwa ajili ya soko la Marekani huhitaji 120 hivi, na ya soko la Japani 100. Ukiichomeka moja kwa moja, unaichoma. Nyingine zina swichi ya kuchagua volti. Hakikisha imewekwa panapofaa. Nyingine zinahitaji transfoma ya kushusha umeme, na bei ya transfoma hiyo uihesabu tangu mwanzo.

Plagi nazo ni mtihani. Ya Tanzania ina miguu mitatu ya mraba, ya Burundi ina miguu ya duara. Wengi hukata plagi, wakafunga nyaya mbili na kuuacha waya wa ardhi ukining'inia. Hapo ndipo mvumo usiokwisha huanza kwenye spika. Tena ni hatari: umeme ukivuja ndani, anayegusa bati la mashine ndiye anayeupokea.

Mashine iliyolala miaka mingi usiichomeke ghafla. Mwombe fundi aiwashe kupitia balbu ya zamani, ile ya waya unaowaka, ya wati 60 au 100, iliyounganishwa kwa mfuatano na mashine. Balbu ikiwaka kidogo kisha ikafifia, ni dalili njema. Ikiendelea kuwaka kwa nguvu, ndani kuna shoti, na balbu imekuokolea mashine.

Magonjwa ya bei ndogo

Vitufe vinavyokwaruza sauti unapovizungusha mara nyingi vina uchafu tu. Dawa ya kusafishia viunganishi humaliza kazi. Sauti inayopotea na kurudi ukigonga mashine huenda ni mguu wa kifaa ulioachia solda. Mvumo usiobadilika hata ukipunguza sauti mara nyingi hutoka kwenye kapasita kubwa zilizokauka. Mpira na mikanda iliyolainika kama ulimi wa ng'ombe hubadilishwa.

Upande mmoja ukinyamaza, usikimbilie kufungua mashine. Badilisha nyaya, ya kulia iende kushoto. Ukimya ukihama pamoja na waya, ubovu uko nyuma ya hapo, au ni waya wenyewe. Ukibaki palepale, ubovu uko mbele. Kwa njia hiyo fundi hufika penye tatizo bila kubahatisha.

Magonjwa ya kufilisi

Transfoma iliyoungua na kunuka, kichwa cha kusomea kanda kilicholika hadi kucha inanasa, na vipuri maalumu ambavyo kiwanda kiliacha kutengeneza: ukiviona, punguza bei sana au ondoka. Jihadhari pia na transista bandia. Zile za nguvu kama 2N3055 huigizwa sana, na ya bandia hufa siku ya harusi, spika zikiwa zimefunguliwa hadi mwisho.

Kanda nazo huugua

Baadhi ya kanda za miaka ya 1970 na 1980, kama Ampex 456, hufyonza unyevu hadi gundi yake ikanata. Zikichezwa hupiga kelele na kuacha tope kwenye kichwa, sauti ikitoka nalo. Wataalamu huzipasha joto la nyuzi 54 hivi kwa saa kadhaa katika chombo kinachopimika, kisha huzirekodi upya mapema. Si kazi ya jiko la mkaa, na kanda za kale zaidi za asetati hazipashwi kabisa.

Mpakani

Hati rahisi ya asili ya bidhaa, kwa mizigo isiyozidi dola 2,000, ni ya bidhaa zenye asili ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mixa ya Japani haigeuki kuwa ya Jumuiya kwa kununuliwa Kigoma. Uliza ushuru kabla ya kupakia, na beba risiti inayosema wazi kwamba ni kifaa kilichotumika.

Na usisahau meli ya Liemba. Mwaka 1916 Wajerumani waliizamisha ziwani humu wenyewe, baada ya kupaka mitambo yake grisi. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini. Chombo kilichotunzwa na mtu anayekielewa hakizeeki haraka.

Kwaya ya Gitaza imeshahamisha kanda tisa. Mbili zilianza kupiga kelele, fundi akazisimamisha papo hapo, na sasa zimefungwa zikisubiri mtaalamu. Katika ile ya nne, mama mmoja alisikia sauti ya marehemu dada yake akianzisha wimbo. Aliomba irudishwe mwanzo, na mashine ikairudisha.