Homa Iliyorudi Unguja na Pemba

Wasikilizaji wetu, leo twataka kuzungumza nanyi juu ya malaria, na hasa habari ya visiwa vya Unguja na Pemba, kwa maana humo mna fundisho lifaalo kila kijiji.

Kwanza tukumbuke jinsi maradhi haya yaeneavyo. Zamani wengi walidhani kwamba homa hii hutoka katika hewa mbaya ya mabwawa. Lakini mwaka 1897 daktari Mwingereza, Ronald Ross, alipokuwa Bara Hindi, aliviona vijidudu vya malaria ndani ya tumbo la mbu. Mbu jike wa namna ya anofelesi hufyonza damu ya mgonjwa pamoja na vijidudu vyake. Baada ya siku 10 hivi au zaidi, vijidudu hivyo huwa vimekwisha kukomaa, na mbu akimwuma mtu mwingine humwambukiza.

Mbu aliyeshiba damu hupenda kutua ukutani apumzike. Kwa sababu hiyo, katika miaka ya mwisho ya 1950, Zanzibar ilianza kazi kubwa. Watu walipita nyumba kwa nyumba wakinyunyiza dawa ya D.D.T. kutani, ili mbu atuaye afe kabla ya vijidudu kukomaa. Malaria ikapungua sana, na watoto wengi wakapona na homa.

Lakini mwaka 1968 kazi hiyo ilikomeshwa. Mbu walikuwapo bado, vijidudu havikuwa vimekwisha kabisa, na vyombo havikuacha kuvuka bahari kutoka bara. Miaka haikupita mingi, malaria ikarudi kwa nguvu. Na ajabu yake ni hii: mwili uliokaa muda mrefu pasipo malaria hupoteza nguvu ya kupigana nayo. Basi homa irudipo huweza kuua hata mtu mzima ambaye zamani ingalimlaza siku chache tu.

Ikawa lazima kuanza upya. Tangu mwaka 2003 wagonjwa walipewa dawa mseto, na mwaka 2006 nyumba zilianza kunyunyizwa tena, na vyandalua vilivyotiwa dawa vikagawanywa. Katika miaka iliyofuata, watu waliopimwa damu na kukutwa na vijidudu walipungua hata wasifike 1 katika kila 100.

Huenda mtu akauliza, “Mbona mwataka kuingia nyumbani mwangu na dawa yenu, na hali hapa hakuna mgonjwa?” Twamjibu hivi: hakuna mgonjwa kwa sababu kazi inafanywa. Mwenye shamba hauachi ulinzi siku ile asipoona nguruwe, maana ajua kwamba nguruwe yu karibu.

Kwa hiyo, wanyunyizaji wakija, tuwafungulie milango. Chandalua kisifanywe wavu wa kuvulia wala ua la kuku, bali tulale ndani yake kila usiku, watoto na wenye mimba kwanza. Mtoto akishikwa na homa, apelekwe kupimwa damu siku ile ile. Na akipewa dawa, aimalize yote, hata akionekana amepona. Nasi tutokao safarini tupimwe mara tujisikiapo homa.

Wazee walisema, mdharau mwiba mguu huota tende. Mbu ni mdogo kuliko mwiba, na watu wa visiwani walikwisha kujua gharama ya kumdharau.